Kuchagua darubini ya bunduki ya kuwindia: mwongozo kwa mwindaji wa Kanda ya Ziwa

Anayenunua darubini ya bunduki kwa mara ya kwanza karibu kila mara huanza na swali moja: inavuta mara ngapi? Muuzaji analijua swali hilo, kwa hiyo zile zinazovuta mara 16 au mara 24 ndizo anazozipanga mbele ya kabati. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni, mwenye bunduki iliyosajiliwa, anayetoka Mwanza kwenda kuwinda kihalali kwenye mapori ya Kanda ya Ziwa na jirani zake. Kwa mtu huyo nasema bila kuzunguka: mvuto mkubwa hautakusaidia, na unaweza kukufanya umjeruhi mnyama ambaye ungemwangusha kwa risasi moja. Mnyama aliyejeruhiwa akapotelea kichakani anateseka siku nyingi, na akiwa nyati, anayemfuata anahatarisha maisha yake na ya wenzake. Darubini inayofaa ni ile inayokuwezesha kupiga mara moja, mahali sahihi, au kukuonyesha mapema kwamba hiyo risasi haifai kupigwa.

Hatua ya 1: Anza na leseni kabla ya kwenda dukani

Leseni ya kuwinda inataja mnyama na eneo. Hayo mawili ndiyo yatakayoamua darubini. Mwenye kibali cha nyati atamkuta kichakani, mita 30 hadi 80, mara nyingi amesimama kivulini na majani yamemkinga nusu ya mwili. Mwenye kibali cha swala pala au ngiri atapiga mita 60 hadi 120. Nyamera na kongoni wanapenda uwazi, na hapo umbali unaweza kufika mita 150 au 200. Upande wa Pori la Akiba la Maswa, mkoani Simiyu, unaweza kutembea asubuhi nzima ndani ya migunga iliyosongamana na miamba, halafu ukatokea kwenye mbuga ya udongo mweusi isiyo na mti wa kujificha. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunahitaji darubini inayobadilika mvuto, ila iwe inaanzia chini.

Hakikisha eneo lenyewe bado linawindwa. Biharamulo, Burigi na Kimisi yalikuwa mapori ya akiba. Tangu 2019 yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na hifadhi ya taifa haiwindwi. Vibali na mipaka ulizia TAWA, wasimamizi wa mapori ya akiba.

Kuna jambo la sheria linaloingia moja kwa moja kwenye uchaguzi wa kioo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inakataza kuwinda usiku na kummulika mnyama kwa taa. Darubini za kuonea gizani, hata muuzaji azisifie vipi, hazina kazi kwa mwindaji halali. Na kama unaagiza darubini kutoka nje ya nchi, pita kwanza polisi kwa ofisa anayeshughulikia silaha wilayani kwako, uulize taratibu za kuiingiza kabla hujatuma pesa.

Hatua ya 2: Pima umbali wako mwenyewe

Hatua hii watu wanaipuuza, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote. Kata duara la karatasi lenye upana wa sentimita 15, kama sahani ya kikombe cha chai. Hilo linakaribia eneo la moyo na mapafu ya swala pala akiwa amekupa ubavu. Nenda kwenye kiwanja cha shabaha kinachoruhusiwa na bunduki yako ilivyo, na usipige ukiwa umelala kwenye mifuko ya mchanga. Piga kama utakavyopiga porini: umesimama na mtutu umeegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja, umepiga goti, au umeegemea mti.

Anza mita 50. Risasi tano zote zikiingia kwenye duara, sogea mita 75, kisha 100, kisha 125. Mahali ambapo hata moja imetoka nje ya duara, hapo umeshapita mpaka wako. Rudi nyuma hatua moja na uliandike lile umbali la mwisho ulilofaulu. Kama ni mita 100, wewe kwa sasa ni mwindaji wa mita 100, na hakuna kioo cha kukufanya uwe wa mita 250. Sasa unajua darubini unayoinunua itafanya kazi ndani ya umbali gani, na namba nyingi za kwenye kabati zitaanza kukosa maana.

Hatua ya 3: Soma namba zilizoandikwa kwenye boksi

Utaona kitu kama 3-9x40. Namba za mwanzo ni mvuto: ukizungusha pete iliyo upande wa jicho, picha inavutwa kutoka mara 3 hadi mara 9. Namba ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ikiandikwa 4x32, mvuto ni mara 4 tu na haubadiliki.

Mara 4 maana yake mnyama aliye mita 100 unamwona kana kwamba yuko mita 25. Ukiweka mara 9, huyo huyo anaonekana yuko mita 11. Jiulize kama kweli unahitaji kumwona nyamera kwa mita 11 ili umpige kwapani.

Kuna hesabu moja ya kufanya papo hapo dukani: gawanya lenzi kwa mvuto. Lenzi ya 40 kwa mvuto wa mara 4 inakupa 10, yaani mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 10. Kwa mvuto wa mara 9 unapata 4 na kidogo. Mboni ya jicho la kijana hufunguka hadi milimita 7 hivi gizani, na ya mtu aliyevuka miaka 50 mara nyingi haizidi 5. Mwanga uliozidi upana wa mboni unapotea bure, na uliopungua unakupa picha iliyofifia. Kwa hiyo jioni, ukiona picha inaanza kuwa nyeusi, punguza mvuto hadi mara 4 au 5 na mnyama atarudi kuonekana, kwa darubini ile ile na bila gharama yoyote.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini sipendekezi lenzi kubwa za milimita 50 na 56. Hizo zinapendwa na wawindaji wa Ulaya, hasa Ujerumani, wanaokaa juu ya majukwaa kuvizia nguruwe mwitu kwenye mbalamwezi, katika nchi ambako jioni ya kiangazi inachelewa sana kuingia giza. Sisi tuko karibu na ikweta. Mwezi wa 7 jua la Mwanza linazama dakika chache kabla ya saa 1 jioni, na ikifika saa 1 na robo mwanga wa kupigia umekwisha. Usiku wenyewe sheria imeufunga. Lenzi ya 56 inabaki kuwa uzito wa kubeba siku nzima, tena inalazimisha darubini ifungwe juu sana, shavu linaacha kitako, na kichwa kinayumba kila unapolenga. Milimita 40 zinatosha kabisa. Kwa nyati hata 20 au 24 zinatosha.

Hatua ya 4: Chagua mvuto

Upana wa unachokiona hupungua kadiri unavyovuta. Darubini ya kawaida ikiwa kwenye mara 3 inakuonyesha upana wa mita 10 hivi kwa umbali wa mita 100. Ikiwa kwenye mara 9 unabaki na mita 4 hivi. Sasa mlete nyati mita 30. Kwa mara 9 upana wote unaouona ni mita 1 na kidogo. Ndani ya kioo kuna ngozi nyeusi iliyopakwa tope, labda na ndege mla kupe mmoja juu yake, basi. Hujui kama ni bega au ni paja. Hujui kama nyuma yake amesimama jike mwenye ndama ambaye risasi ikipenya itamfikia. Kwa mara 1 na nusu au mara 2, ukiwa pale pale, unamwona mzima, unaona pembe, unaona mguu wa mbele ulivyosimama, na unawaona wenzake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtarudi kambini salama.

Halafu kuna mikono. Mvuto unamvuta mnyama na unauvuta mtetemo pia. Baada ya kutembea kilomita kadhaa, moyo unadunda, na kwa mara 12 kila pigo la moyo utaliona likiusukuma msalaba, ile mistari ya kulengea ndani ya kioo, nje ya bega la mnyama. Mwindaji anasubiri utulie, hautulii, mwisho anafyatua kwa haraka pale msalaba unapopita. Majeruhi wengi hutokana na fyatuo la namna hiyo. Kwa mara 4 mtetemo ni ule ule lakini hauonekani mkubwa, akili inatulia na kidole kinabana polepole inavyotakiwa.

La tatu ni mazigazi. Kuanzia saa 4 asubuhi, ardhi ya mbugani ikishapata moto, hewa inayopanda huchezesha picha. Mvuto mkubwa unakuza mchezo huo hadi kongoni aliyesimama mita 180 anaonekana anayeyuka miguu. Punguza mvuto, picha itatulia kiasi.

Basi ushauri wangu ni huu. Kwa nyati na kuwinda kichakani, chukua 1-4x24, 1.5-5x20 au 1-6x24. Kwa mtu mwenye bunduki moja ya .30-06 au .308 anayetaka kuwinda swala pala, ngiri na nyamera, chukua 2-7x33, na ikikosekana chukua 3-9x40, ambayo inapatikana kwa urahisi zaidi kwa sababu ndiyo iliyozoeleka sana Marekani kwa wawindaji wa paa. Mwenye bajeti ndogo asione haya kuchukua 4x32 isiyobadilika. Ina lenzi chache ndani, ina kidogo cha kuharibika, na kwa pesa ile ile mara nyingi kioo chake ni kizuri kuliko cha darubini ya kubadilisha mvuto. Mimi ningempa mwindaji mpya hiyo 4x32 kabla ya nyingine yoyote. Zile za 6-24x50 ziwaachie wapiga shabaha wa viwanjani, ndio waliotengenezewa.

Ukiwa unatembea, pete ya mvuto iwe kwenye namba ya chini kabisa muda wote. Mnyama wa mbali atakupa nafasi ya kuipandisha. Nyati anayetokea mita 15 hatakupa nafasi ya kuishusha.

Na nisisitize hili: darubini ya bunduki haitumiki kutafutia mnyama. Ukiitumia kuchungulia kichaka, umemwelekezea mtutu kila aliyemo ndani yake, na katika mapori yetu anaweza kuwa mchungaji, mrina asali au mama aliyekwenda kuokota kuni. Nunua darubini ya mkononi, 8x32 au 8x42, uitundike shingoni. Hiyo ndiyo ya kutafutia, na ndiyo ya kuhakiki kama ni dume au jike. Bunduki inanyanyuliwa ukishajua unampiga nani.

Hatua ya 5: Pima kioo jioni, ufukweni

Dukani, chini ya taa nyeupe, kila kioo kinaonekana kizuri. Uzuri wa kioo unajulikana mwanga ukipungua. Mwombe mwenye duka kistaarabu: "Bosi, naomba tutoke na hizi mbili tatu jua likikaribia kuzama, nizilinganishe nje, mwenyewe au kijana wako awepo." Mnatoka na darubini tupu, bila bunduki yoyote, maana kumnyooshea mtu bunduki mjini, hata isiyo na risasi, ni kosa na ni kuleta taharuki.

Mwanza ina mahali pazuri sana pa kipimo hiki. Simama ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, au upande wa Capri Point unaotazama ghuba. Weka darubini zote kwenye mvuto mmoja, tuseme mara 4, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Kabla ya kila kitu, zungusha pete ya nyuma ya jicho hadi msalaba uonekane mkali ukiangalia anga tupu. Kisha tazama miamba yenye madoa meupe ya vinyesi vya ndege. Minandi wanatua pale jioni. Mnandi ni mweusi, jiwe limeingia kivuli, na kazi ya kioo ni kuutenganisha mgongo wa ndege na jiwe. Tafuta mdomo wake. Tafuta mstari unaotenganisha jiwe lililolowa na jiwe kavu. Kioo hafifu kitakupa umbo la ndege tu. Kioo kizuri kitakuonyesha shingo inapogeuka.

Baada ya hapo elekeza macho magharibi, upande wa Sengerema, jua likishazama kabisa. Nasema likishazama kabisa, kwa sababu kulitazama jua kwa darubini hata sekunde moja kunaweza kukupofusha. Maji ya ghuba bado yatakuwa yanang'aa. Tazama mtumbwi uliokatiza kwenye mng'ao huo. Kama picha nzima inafunikwa na weupe, vioo havijapakwa vizuri dawa ya kuzuia mwako, na darubini hiyo itakuangusha kila utakapokuwa unalenga kuelekea machweo. Mlingoti wa mtumbwi wa tanga nao unasaidia: usogeze hadi pembeni mwa kioo, uone kama unabaki umenyooka au unapinda, na kama ukingo wake unatoa rangi ya zambarau. Kupinda kidogo pembeni si tatizo kwa mwindaji. Ukungu wa katikati ni tatizo.

Endelea kubadilisha, hii kisha ile, hadi giza liingie. Itafika dakika ambapo moja haionyeshi kitu na nyingine bado inamwonyesha mnandi. Umeshapata jibu, na huenda si ile ya bei kubwa.

Hatua ya 6: Fikiria teke la bunduki

Bunduki za .375 H&H na .458, zinazotumiwa kwa nyati, zina teke kali. Darubini ikiwa inataka jicho liwe karibu sana, ukingo wake utakupasua juu ya nyusi. Tafuta inayoonyesha picha kamili jicho likiwa sentimita 9 hadi 10 kutoka kioo cha nyuma. Kwa .30-06 usishuke chini ya 8.

Kipimo chake ni rahisi. Hakikisha chemba haina risasi, mwenye duka naye ahakikishe, kisha elekeza mtutu mahali salama. Funga macho, weka bunduki begani kama ulivyozoea, laza shavu, halafu fumbua. Unatakiwa uone duara zima lenye mwanga bila kusogeza kichwa. Ukiona kivuli cheusi upande mmoja, darubini isogezwe mbele au nyuma kwenye pete zake. Ikiwa haisogei ya kutosha, haiifai bunduki yako. Fanya kipimo hiki ukiwa umevaa koti utakalovaa porini, maana unene wa nguo unasogeza bega.

Darubini zilizotengenezwa kwa bunduki za upepo au za .22 zisipandishwe kwenye bunduki kubwa. Hazikujengwa kwa teke hilo, na nyingi zimerekebishwa kwa shabaha za mita 50 au chini, ilhali za kuwindia kwa kawaida zimerekebishwa kwa mita 100 hivi.

Hatua ya 7: Msalaba

Chukua msalaba wenye nguzo nne nene zinazokuwa nyembamba kuelekea katikati. Nguzo nene zinaonekana jioni na zinalileta jicho katikati lenyewe. Sehemu nyembamba haimfuniki mnyama. Misalaba iliyojaa vidoti na mistari ya kukadiria umbali inataka hesabu, na ndani ya mita 150 hakuna cha kuhesabu. Kwa nyati, kidoti chekundu kinachowashwa katikati kina faida ya kweli, kwa sababu msalaba mweusi juu ya mnyama mweusi kivulini hupotea. Betri ikiisha msalaba lazima ubaki unaonekana. Zima kidoti dukani uhakikishe.

Kuna darubini ambazo msalaba unakua kadiri unavyovuta. Kwa mara 1 mistari yake inakuwa myembamba kama haipo. Kwa pori letu chukua ile ambayo msalaba haubadiliki ukubwa.

Hatua ya 8: Unyevu wa ziwa

Anayeishi karibu na ziwa anaujua unyevu wake kwenye nguo za kabatini. Kwenye darubini unaleta mambo mawili. La kwanza ni ukungu: unatoka kwenye gari lenye kiyoyozi, unashuka kwenye joto, kioo kinageuka cheupe. Ukungu wa nje unafutika, wa ndani haufutiki na siku yako imeharibika. Nunua iliyojazwa gesi ya nitrojeni au agoni, iliyoandikwa wazi kwamba haipitishi maji. Ukishainunua, na hati yake ikiwa inaruhusu, izamishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika moja. Viputo vikitoka mfululizo kwenye maungio, irudishe dukani siku hiyo hiyo ukiwa na risiti.

La pili ni kuvu. Huota juu ya vioo, hutandaza nyuzi nyembamba, na hula dawa iliyopakwa. Kasha la ngozi linatunza unyevu, kwa hiyo usiihifadhi humo. Iweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, na vipakiti hivyo vibadilishwe vikichoka. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi wakiganda kwenye lenzi, usiwafute kwa shati. Puliza kwanza, lowesha kwa maji safi, ndipo ufute kwa kitambaa cha miwani.

Hatua ya 9: Kufunga

Pete na reli dhaifu huharibu darubini ya bei kubwa. Nunua za chuma, zinazolingana na unene wa bomba. Mengi ni milimita 25.4 au 30, na pete ya moja haikai kwenye jingine. Futa mafuta yote kwenye matundu ya skrubu kwa spiriti, tia tone la gundi ya skrubu isiyo ya kudumu, na kaza kwa zamu, kidogo kidogo, skrubu hii kisha ile ya upande wa pili, huku nafasi kati ya nusu mbili za pete ikibaki sawa pande zote. Za pete zinataka nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani, karibu nyutoni-mita 2. Ukikaza kwa hasira unaliminya bomba na ndani mambo yanakwama. Weka pima maji ndogo juu ya bunduki na nyingine juu ya kofia ya darubini kabla ya kukaza mwisho, ili msalaba usimame wima.

Kama huna vifaa, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni. Ila ukae naye, uangalie.

Hatua ya 10: Kuiseti

Tumia risasi zile zile utakazowinda nazo, za aina na uzito ule ule. Hapa sasa ndipo mifuko ya mchanga inapofaa. Anza mita 25 ili usipoteze risasi kutafuta karatasi, kisha nenda mita 100. Piga tatu, tazama katikati ya kundi, rekebisha, piga tatu tena. Usirekebishe kwa kuifuata risasi moja moja. Vitufe vilivyoandikwa 1/4 MOA vinasogeza pigo karibu milimita 7 kwa kila kliki kwenye mita 100, vya 0.1 mil vinasogeza milimita 10. Ukiwa mita 25, kliki moja inasogeza robo tu ya hapo.

Kwa .30-06 yenye risasi ya greni 180, ukiiweka ipige sentimita 5 juu ya katikati kwenye mita 100, itakuwa inarudi kwenye msalaba karibu mita 180. Kwa anayewinda mbugani hiyo inatosha. Analenga kwapani moja kwa moja bila kukisia. Kwa bunduki ya nyati iache ipige pale pale katikati kwa mita 75 au 100.

Kabla hujaondoka kiwanjani, ijaribu darubini kama inatii. Piga risasi moja. Sogeza kliki 20 kulia, piga. Kliki 20 chini, piga, ukilenga pale pale pa mwanzo. Kliki 20 kushoto, piga. Kliki 20 juu, piga. Ya mwisho inapaswa kuanguka ilipoangukia ya kwanza, na zote zichore mraba. Isiporudi, vitufe vyake havina uaminifu. Kisha badilisha mvuto kutoka chini hadi juu na upige tena; pigo lisihame.

Barabara ya kwenda porini ina mashimo na mitetemo ya saa nyingi, na skrubu hulegea. Bunduki isafiri ndani ya kasha lenye sponji, chemba tupu, isilazwe sakafuni mwa gari. Ukifika, kabla ya kuanza kufuata nyayo, mwombe askari wanyamapori mnayeongozana naye akuonyeshe mahali salama pa kupiga risasi moja ya kuhakiki kwenye karatasi, mita 100, nyuma yake pakiwa na kichuguu au ukingo wa udongo. Ikiwa imehama zaidi ya sentimita 5, kaza skrubu, iseti upya siku hiyo hiyo, na uwindaji uanze kesho yake asubuhi.